Kabila Lao Lilikuwa Kanisa

Kuna swali moja Mkenya hawezi kulikwepa: "Nyumbani ni wapi?" Utaulizwa na landilodi wa Langas kabla hata akuonyeshe nyumba. Utaulizwa na mama wa kibanda akishasikia jina lako la pili. Utaulizwa kwa ofisi ya chifu ukienda kutafuta kitambulisho. Na ukijibu "Eldoret", mtu anacheka kidogo halafu anarudia: "Hapana, namaanisha nyumbani nyumbani." Kwa sababu kwa akili zetu nyumbani si pale unapolala. Nyumbani ni pale babu yako alipozikwa.

Sawa. Na kama babu yako mwenyewe hakujua alitoka wapi? Kama alibebwa akiwa mtoto wa miaka saba, akauzwa mara mbili tatu njiani, akapakiwa kwa jahazi, na kufikia wakati anashuka pwani ameshasahau jina la mto wa kwao? Huyo tumwandikie nyumbani ni wapi?

Msidhani ni mfano wa kutunga. Hao Wakenya wapo, na walikuwa hapa kabla Kenya haijaitwa Kenya. Kijiji chao kinaitwa Frere Town, Mombasa, ng'ambo ya kisiwa. Ukiwahi kupanda matatu ya Nyali au Kisauni ukasikia makanga anaita "Kengeleni, Kengeleni!", ulikuwa mlangoni kwao. Hilo jina limetoka kwa kengele yao, na kengele yenyewe bado iko pale barabarani, inapitwa na tuktuk siku nzima.

Kama hujui Frere Town, sauti yake unaijua. Uliza mzazi wako kuhusu Leonard Mambo Mbotela, yule mtangazaji wa "Je, Huu ni Uungwana?" aliyefariki Februari 2025. Zaidi ya miaka hamsini aliuliza Wakenya swali hilo kwa redio na televisheni: mtu ametema mate hadharani, mtu ameingia kwa watu wakati wa chakula bila kualikwa, je, huu ni uungwana? Ukoo wa Mbotela ni wa Frere Town. Babu yake aliletwa kama mtumwa kutoka kusini, upande wa Nyasa.

Shikilia hilo neno, uungwana. Sisi tunalitumia kumaanisha adabu. Pwani ya zamani lilikuwa na makali zaidi: muungwana ni mtu huru, na kinyume chake si mtu asiye na adabu, ni mtumwa. Kwa hivyo mjukuu wa mtumwa alikaa redioni nusu karne akiuliza taifa zima kama linaishi kama watu huru. Sijui kama alikuwa anaifikiria hiyo kila Jumapili. Mimi siwezi kuacha kuifikiria.

Turudi mwanzo.

Kijiji cha Kiingereza, mchanga wa Kisauni

Mwaka wa 1873 Uingereza ilimtuma mzee mmoja anaitwa Sir Bartle Frere kwenda Zanzibar kumbana Sultan Barghash asimamishe biashara ya kuuza watu. Barghash alikataa kwanza. Akaja kuweka sahihi Juni mwaka huo, baada ya kutishiwa kwamba manowari zitakizingira kisiwa chake. Soko la watumwa la Zanzibar likafungwa, na manowari za Kiingereza zikazidi kusimamisha majahazi baharini na kuwatoa watu waliofungwa ndani.

Hapo msidanganyike mkadhani ilikuwa huruma tupu. Waingereza hao hao walikuwa wamesafirisha Waafrika kuvuka Atlantiki kwa mamia ya miaka kabla ya kubadilisha mawazo. Na baharia wa manowari alikuwa analipwa zawadi ya pesa kwa kila jahazi la watumwa lililokamatwa.

Lakini kukamata jahazi ni kazi ya asubuhi moja. Jioni unabaki na watu mia moja au mbili kwa sitaha, wagonjwa, wana njaa, wanaongea lugha kumi tofauti. Kuna Myao, Mmakua, Mnyasa, Mnyamwezi. Kuwarudisha kwao huwezi, kwa sababu njia ni ile ile ya wauzaji, na wengine ni watoto ambao hawawezi hata kukuonyesha kwao ni upande gani. Utawapeleka wapi?

Jibu likatoka kwa Church Missionary Society, CMS kwa kifupi, misheni ya Kianglikana ambayo ilikuwa Mombasa na Rabai tangu Johann Ludwig Krapf afike mwaka wa 1844. Mwisho wa 1874 wakamleta kasisi William Salter Price, akanunua ardhi bara, ukivuka maji kutoka kisiwa cha Mombasa, na mwaka wa 1875 manowari zikaanza kushusha watu hapo. Kijiji kikapewa jina la Frere.

Sasa, Price na wenzake walijenga nini? Walijenga kitu pekee walichokijua: kijiji cha kwao. Uingereza ya zamani, kijiji hakikuwa nyumba tu zimejipanga karibu na barabara. Kilikuwa parishi. Kanisa katikati, makaburi kando ya kanisa, kengele juu ya mnara. Kuanzia mwaka wa 1538 serikali ya mfalme iliamuru kila parishi iandike kitabuni nani amebatizwa, nani ameoa, nani amezikwa. Kuanzia sheria ya 1601, parishi ndiyo ilitakiwa kulisha maskini wake. Maana yake, Mwingereza wa kawaida akiulizwa "wewe ni wa nani?", jibu lilikuwa kwa kitabu cha kanisa. Kanisa lilikuwa rejista, lilikuwa chifu, lilikuwa ustawi wa jamii, na Jumapili lilikuwa kanisa.

Wakaibeba hiyo mashine yote, wakaitua kwenye minazi ya Kisauni. Nyumba kwa mistari. Shule. Mashamba. Fundi seremala, fundi chuma. Kengele ya kuamka, kengele ya kazi, kengele ya sala, na kengele ya hatari, kwa sababu kulikuwa na wafanyabiashara wa watumwa ambao hawakuona mkataba wa 1873 kama kitu cha kuwakosesha usingizi. Ikipigwa usiku, kila mtu alijua haiiti ibada.

Vijana wa Bombay

Kitu ambacho vitabu vyetu vya shule vinakiruka ni hiki: waliokiendesha kijiji kwa kweli hawakuwa Waingereza. Walikuwa Waafrika waliotoka India.

Miaka kabla ya Frere Town, manowari zilizokamata majahazi zilikuwa zinawapeleka watoto Bombay. CMS ilikuwa na makao karibu na mji wa Nasik, na huko wakalelewa Waafrika wadogo ambao walifundishwa Kiingereza, Biblia, useremala, uhunzi. Price mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu huko. Walipokua, baadhi wakarudishwa Afrika. Pwani waliitwa Wabombay.

William Jones ni mmoja wao. Alifika Rabai mwaka wa 1864, mhunzi kijana, miaka kumi kabla ya Price kuja kununua ardhi. Ishmael Semler alikuwa mwenzake. Mwingine ni Matthew Wellington, ambaye alikuwa kwenye ule msafara uliobeba maiti ya David Livingstone kutoka ndani kabisa, nchi inayoitwa Zambia leo, mpaka pwani, mwaka wa 1873 na 1874. Livingstone akazikwa London kwa heshima zote. Wellington akarudi kuishi Mombasa, akazeeka, akafa mwaka wa 1935. Mtu aliyembeba Livingstone aliishi mpaka enzi za magari.

Na angalia hayo majina. Jones. Wellington. Hakuna mama wa Kiyao aliyemwita mtoto wake Wellington. Hayo ni majina ya kubatizwa, na mengine ni kama mtu alifungua gazeti la London akachagua. Kwetu jina la pili linakuambia mtu ni wa upande gani kabla hajakaa chini. Ya kwao hayakuambii kitu kuhusu babu zao. Yanakuambia nani alikuwa na kalamu siku hiyo.

Uhuru wa kiboko

Sitaki kuwauzia hadithi tamu. Kijiji kilikuwa na mkuu wa kizungu, na mwishoni mwa miaka ya 1870 mkuu huyo alikuwa J. R. Streeter. Hakuwa kasisi, alikuwa msimamizi wa kazi. Chini yake mtu aliyetoka juzi kwenye mnyororo aliweza kufungwa tena na kuchapwa kiboko, kwa makosa ambayo mengine leo yangeisha kwa kuitwa na mwalimu wa zamu. Wabombay, ambao walijua kusoma na kuandika, wakalalamika. Mambo yakamfikia John Kirk, mwakilishi wa Uingereza pale Zanzibar, uchunguzi ukafanywa, na Streeter akaondoka mwaka wa 1881. Price, mzee mzima, akatumwa tena kuja kutuliza kijiji.

Fikiria wewe ni mtu wa Frere Town. Jumapili unaambiwa umenunuliwa kwa damu, wewe si mtumwa wa mtu. Jumatatu unachapwa na mtu wa kanisa hilo hilo. Na bado Jumapili inayofuata kengele ikilia unaenda. Watu wa mitandao wataita huo ujinga, ati wameoshwa akili. Mimi naona wanaoandika hivyo hawajawahi kukosa watu wa kuwazika. Hawa hawakuwa na shangazi. Hawakuwa na wazee wa ukoo wa kwenda kutoa mahari. Mtu akifa usiku, wa kukesha naye walikuwa ni wale tu waliojua wimbo mmoja naye. Streeter alikuja akaenda. Kanisa walibaki nalo, kwa sababu kanisa lilikuwa ni wao kwa wao.

Mtoro

Hapa ndipo stori inakuwa noma.

Mkataba wa 1873 ulizuia kusafirisha na kuuza watumwa kupitia baharini. Haukuwaachilia watumwa waliokuwa tayari mashambani Mombasa, Malindi, Takaungu. Hao walibaki mali halali chini ya sheria ya Sultan. Kwa hivyo kukawa na aina mbili za watu. Ukitolewa na manowari baharini, wewe ni huru, karibu Frere Town. Ukijitoa mwenyewe kwa miguu yako, usiku, kupitia msituni, wewe si huru. Wewe ni mtoro, na mwenyewe akija kukudai, misheni ilitakiwa na serikali yake isikufiche.

Isome tena pole pole. Ukiokolewa na mzungu, huru. Ukijiokoa, mwizi wa mali, na mali yenyewe ni wewe.

Watoro wakaja hata hivyo. Walisikia kuna mahali watu kama wao wanaishi. Mombasa wenye watumwa wakakasirika, na mwaka wa 1880 kijiji kiliishi kwa hofu ya kuvamiwa. Wazungu wa misheni walivutwa huku na huku: leo wanapokea, kesho wanaandikiwa barua kali kutoka Zanzibar, wanawarudisha wengine. Lakini Rabai, ambako William Jones ndiye alikuwa mwangalizi, watoro waliendelea kuingia, wakijenga, wakilima, wakikaa ibadani pamoja na wengine. Jones alijua ni kina nani. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa bidhaa.

Na kulikuwa na kijiji cha tatu, ambacho kila mtu amekisahau: Fuladoyo. Hiki hakikuanzishwa na mzungu yeyote. Mgiriama mmoja, Abe Ngoa, alijifunza dini kutoka misheni ya Rabai, akarudi kwao, akafundisha watu wake, na baadaye wakaanzisha makao huko Fuladoyo, wakawapokea watoro. Kanisa bila Price, bila Streeter, bila barua ya Zanzibar. Kiongozi wao mmoja, David Koi, alikamatwa mwaka wa 1883 na watu waliokuwa wanafuata watumwa wao, akakatwa kichwa. Anahesabiwa kuwa shahidi wa kwanza wa kanisa la Anglikana nchini Kenya. Alikufa miaka miwili kabla ya Askofu James Hannington, lakini Hannington ndiye ana makanisa yenye jina lake.

Hata stori ya Hannington ina Frere Town ndani yake. Mei 1885 askofu huyo aliwapa ushemasi Jones na Semler. Miezi miwili baadaye akaondoka Rabai kwenda Uganda na wapagazi karibu mia mbili, Jones akiwa mkono wake wa kulia. Walipofika kwa Sundu, pale Mumias, si mbali hivyo kutoka hapa Eldoret, askofu akamwacha Jones na kundi kubwa, akasonga mbele na watu hamsini. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga, na karibu wote aliokwenda nao wakauawa naye. Ni Jones aliyewarudisha waliobaki, miguu mpaka pwani. Februari 1886 wakaingia Rabai wamebeba bendera ya buluu iliyoandikwa "Ikabodi", neno la Biblia la kusema utukufu umeondoka. Mtoto aliyewahi kuuzwa alikuwa amevusha watu zaidi ya mia kupitia nchi ambayo wazungu wa wakati huo walikuwa wanaandika vitabu vya kujisifu kwa kuivuka mara moja tu.

Rabai nayo, mambo yakafika kileleni mwaka wa 1888. Wenye watumwa wakataka watu wao, hesabu ikafanywa, na ikaonekana watoro ni wengi kiasi kwamba kuwatoa kwa nguvu kungekuwa vita. George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekuja kuitawala pwani, akakubali kuwalipa wenye watumwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu karibu 1,400 walipewa karatasi zao za uhuru pale Rabai.

Vitabu vitakuambia kampuni iliwaweka huru. Mimi nasema walikuwa wameshajiweka huru miaka mingi kabla. Walikuwa na nyumba, mashamba, watoto, viti vyao kanisani. Mackenzie alilipa tu bili. Na utumwa wenyewe, kwa sheria, uliendelea pwani ya Kenya mpaka mwaka wa 1907.

Watu wanavyotengeneza nyumbani

Kwa hivyo nyumbani kunatengenezwa vipi, kama hakuna babu wa kuanzia?

Kwanza, lugha. Myao, Mmakua na Mnyasa hawakuelewana, na Wabombay walikuwa na Kiingereza na Kihindi. Kiswahili kikawa lugha ya jikoni, halafu ya mahubiri, halafu ya watoto. Kuna watu Kenya waliolelewa kwa Kiswahili kama lugha ya mama, bila kuwa Waswahili na bila kuwa Waislamu, muda mrefu kabla mtoto wa Huruma au Kapsoya hajaanza kuchekwa ati hajui kilugha.

Pili, kazi ya kichwa. Kijiji kilitoa walimu, makarani, wakalimani, wainjilisti, waliosambaa mpaka bara reli ilipoanza kupanda. Shule yake ya kufundisha watumishi wa kanisa ilihamishwa Limuru mwaka wa 1930, na leo ndiyo Chuo Kikuu cha St. Paul's. Kuna mtu anasoma shahada pale na hajui darasa lake la kwanza lilikuwa la watoto wa watumwa.

Tatu, kuandika. Mwaka wa 1934 James Mbotela, wa ukoo ule ule, alichapisha kitabu kidogo kinachoitwa *Uhuru wa Watumwa*, kinachosimulia jinsi baba yake na wenzake walivyotekwa, wakaokolewa, wakafika Frere Town. Kitabu kinawasifu Waingereza mpaka unachoka, na wasomi wengi wamekikosoa kwa hilo, haki yao. Lakini ona alichofanya. Mtu ambaye hakuwa na ukoo wa kuhesabu alikaa chini akauandika. Kilichokuwa kimepotea kwa mdomo, akakitafutia mahali kwa karatasi.

Nne, makaburi. Kaburi la kwanza mkilichimba pamoja, mahali hapo si pa kupita tena. La mia moja, nyinyi ni wenyeji.

Kilichokosekana ni cha tano: ardhi. Price alipoinunua, iliandikwa misheni. Mtu alijenga, alipanda minazi, alizaa, alizika, lakini karatasi ilikuwa na jina la CMS. Kijiji cha Uingereza nacho kilikuwa hivyo, maskini akilima shamba la bwana vizazi na vizazi, kwa hivyo pengine hata hawakuona kuna shida. Shida inaonekana baadaye, mji ukikua, Nyali ikiwa Nyali ya ploti za mamilioni, na vitukuu vya waliovuja jasho wanaulizwa na serikali swali lile lile: nyinyi ni kabila gani, na karatasi iko wapi? Wamisheni, watu wanawaita. Jina la mwajiri wa babu zao ndilo limebaki kuwa kabila.

Na sisi wa Sisibo

Sasa mtu atauliza, haya yote ya Mombasa yanatuhusu nini sisi wa Eldoret?

Yanatuhusu kwa sababu mji wetu pia ni wa waliokuja. Tarehe zake hazifichiki: Makaburu walipanda na mikokoteni ya ng'ombe mwaka wa 1908 kwenye ardhi ambayo wenyeji walikuwa wameondolewa kwa bunduki, posta ikawekwa kwa shamba nambari 64, ndiyo maana bado kuna wanaouita mji huu Sisibo, na jina Eldoret likaja 1912. Makaburu nao wakafunga virago karibu na uhuru. Baada ya hapo tumejaa humu kutoka kila upande, tumejenga Langas, Huruma, Munyaka, na kila estate ina kanisa la mabati kila baada ya nyumba kumi. Ukiwa mgeni mjini, utapata marafiki wapi wa kwanza? Kwaya. Utapata wapi watu wa kuchanga ukilazwa? Kanisa. Hiyo ni Frere Town kabisa, kengele tu imekuwa spika.

Lakini tunajua pia upande wa pili. Tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa, hapa tu nje ya mji, watu walikimbilia ndani ya kanisa wakiamini kwamba kanisa ni kanisa. Likachomwa wakiwa ndani, wengi wao wanawake na watoto. Waliochoma walikuwa wakijibu lile swali letu la kawaida, lile la landilodi na mama wa kibanda: hawa nyumbani kwao ni wapi? Miaka 119 kamili, siku kwa siku, tangu watu wa Rabai wapewe karatasi zao mbele ya kanisa lililowapokea bila kuwauliza.

Sisemi kanisa ndilo dawa. Frere Town ilikuwa na kiboko chake, na makanisa yetu yana yao: yale ya kuhubiri upendo Jumapili na kupigia kura kabila mwezi wa nane. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo. Tumekubali kwamba mtu ni wa mahali pale damu yake ilitoka, na tunaona kama hiyo ni sheria ya asili. Hawa watu walitolewa damu yao yote, mama, jina, lugha, mto wa kwao, na bado ndani ya kizazi kimoja walikuwa na mahali pa kusema "kwetu". Hawakupewa na Frere, wala Price, wala Mackenzie. Walikutengeneza kwa kuzikana, kuoana, kufundishana na kumficha aliyekuja usiku akihema.

Kwa hivyo siku mtu akikuambia umezaliwa Eldoret, umesoma Eldoret, umezika rafiki zako Eldoret, lakini nyumbani kwako si Eldoret, usianze kujieleza. Muulize tu swali la mzee Mbotela, kwa maana yake ya zamani.